Ukija kupanga Ujiji, uliza kwanza nyumba ni ya nani

Wiki iliyopita kijana mmoja anayehamia Kigoma kikazi alinipigia simu nimtafutie chumba. Ofisi yake iko mjini, karibu na bandari. Wenzake wamemwelekeza Mwanga na Gungu, kwenye nyumba mpya zenye vigae na geti. Yeye anataka Ujiji: kasikia kodi ni nafuu, na anapenda miji ya kale. Nikamwambia karibu sana, ila usimtumie dalali hata shilingi kabla hujakanyaga hapa. Tuliongea mpaka kifurushi kikakata. Yaliyobaki nayaandika hapa, huenda yakamfaa na mwingine.

Huu ni mwaka wangu wa tisa Ujiji, na niko nyumba ya pili. Ya kwanza nilitolewa.

Umbali usikutishe. Kigoma na Ujiji ni manispaa moja, hata kilomita 10 hazifiki, na daladala zinapita Mwanga kutwa nzima. Asubuhi unawahi kazini bila shida. Kazi iko usiku: ukichelewa mjini daladala zinapungua, unabaki na bodaboda, na bei ya bodaboda saa nne usiku inategemea uso wako. Pigia hesabu na hilo kabla hujafurahia unafuu wa kodi.

Wageni huuliza kwa nini mji mkongwe uko huku na bandari iko kule. Ujiji ndiyo ilikuwa kikomo cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora. Wazungu wasafiri, Burton na Speke, waliingia hapa mwaka 1858, na Stanley akamkuta mwenzao Livingstone hapa mwaka 1871. Lakini ufuko wetu uko wazi kwa upepo, hauna ghuba. Reli ilipofika mwaka 1914, Wajerumani waliipeleka kwenye ghuba ya Kigoma penye kina na kinga, na biashara kubwa ikaifuata reli. Ujiji ikabaki na watu wake, misikiti yake, miembe yake, na nyumba zilizobanana kiasi kwamba maji ya bati la hii yanadondokea ukuta wa ile. Kuna vichochoro hapa ukikutana na mtu kabeba ndoo kichwani, mmoja wenu lazima arudi nyuma.

Sasa nyumba yenyewe. Nyingi zina umbo moja: baraza mbele, korido ndefu kutoka mlango mkubwa hadi uani, vyumba vitatu vitatu kila upande, jiko na msala nyuma. Aliyeijenga aliujengea ukoo. Yeye kashafariki, pengine na wanawe wameanza kufariki, na nyumba haijagawanywa. Chumba hiki ni cha watoto wa mke mkubwa, kile cha shangazi aliyeolewa Uvira, cha mwisho kule kina kufuli na hakuna anayekumbuka ufunguo uko kwa nani. Wewe mpangaji unaonyeshwa chumba tu. Ukoo huonyeshwi.

Mimi nilioneshwa chumba na kaka mmoja mchangamfu aliyekaa chumba cha mbele. Akasema nyumba ya marehemu baba. Kweli ilikuwa ya marehemu baba. Nikampa kodi ya miezi sita mkononi, akaniandikia kwenye karatasi ya daftari, nikaingiza godoro. Mwezi wangu wa tatu ulipoanza tu, nikiwa nachagua mchele uani, akaingia mzee mwenye faili la plastiki kwapani. Alipiga hodi vizuri, akasubiri karibu, akaketi kwenye kigoda. Ndani ya faili kulikuwa na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo, yenye jina lake na muhuri. Akasema, "Mwanangu, pole. Uliyempa pesa ni mdogo wangu, na nyumba hii hajakabidhiwa." Nyumba ilikuwa iuzwe warithi wagawane. Nilipewa mwezi mmoja.

Huyo mdogo mtu hakuwa tapeli, na hapo ndipo wageni wanapokosea. Kwa hesabu yake, amezaliwa humo, anaziba bati likivuja, anawafukuza vibaka, basi kodi ya chumba kimoja ni haki yake. Tulikaa kikao uani, wazee wawili wa mtaa na mwenyekiti wa mtaa wakiwepo, akakubali deni mbele ya wote. Pesa hakuwa nazo. Alinilipa kwa dagaa, debe baada ya debe, msimu mzima. Nilijifunza kuuza dagaa bila kukusudia, na hadi leo nikisikia harufu yake inapokauka kwenye mchanga naikumbuka ile karatasi ya daftari.

Kwa hiyo chumba kikikupendeza, swali la bei liweke pembeni kidogo. Uliza nyumba ni ya nani. Wakisema ni ya urithi, uliza msimamizi wa mirathi ni nani na uombe kuiona barua yake. Haitakuwa ufidhuli ukiuliza kwa adabu. Watu wa hapa wameshazoea kesi hizi kuliko wewe. Akiwa mbali, zungumza naye kwa simu mbele ya ndugu zake. Kisha mkaandikishiane mkataba kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, na pesa zitoke mfukoni mkiwa pale pale. Mwanzo lipa miezi mitatu, hata kama wanataka sita. Watanung'unika, watakubali. Na kabla ya yote hayo, usimuulize dalali habari za nyumba. Mwulize jirani wa nyumba ya pili, aliye na ugomvi wa mpaka na nyumba hiyo. Huyo atakueleza ukoo wote hadi wajukuu.

Jambo la pili ni ardhi. Kwenye kumbukumbu ya Livingstone kuna miembe miwili inayosemwa kuwa ni uzao wa ule mwembe waliokutania Stanley na Livingstone. Watu hupiga picha wakaondoka. Mimi ninayemtafutia chumba humsimamisha pale nikamwambia, hebu tazama Ziwa Tanganyika liko wapi. Liko kule chini, mbali. Zamani lilikuwa jirani. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876 alikuta miti aliyoiacha sokoni mwaka 1871 imesimama majini. Baada ya hapo maji yalizibua mlango wa Mto Lukuga, ng'ambo Kongo, ziwa likateremka karibu mita 10 kabla karne ile haijaisha. Maana yake sehemu ya bonde lile unalotangaziwa chumba kwa bei ya kutupa ilikuwa chini ya maji. Na njia ya kurudi ziwa linaijua: tangu mwaka 2020 tumeliona likipanda, likaingia kwenye mialo na nyumba za kandokando, kwetu na kwa wenzetu Bujumbura.

Panga juu, basi. Na uende kukiona chumba mvua ikinyesha au kesho yake. Kuta nyingi za zamani ni tofali za udongo zilizopigwa lipu ya saruji juu. Kwa macho ni ukuta imara. Inama uangalie goti la ukuta kwenda chini. Ukiona lipu imefura, au kuna mstari mweupe kama chumvi, maji yanapanda humo kila masika. Gonga kizingiti cha mlango na kidole. Kikilia kama debe tupu, mchwa wameshakula wakabakisha rangi. Msala nao ukaukague alfajiri, saa ambayo nyumba nzima inauhitaji. Dalali atakupeleka saa nane mchana.

Umeme sitausemea sana: mita moja ya LUKU, vyumba sita, na pasi ya mtu mmoja. Afadhali ununue mita ndogo ya chumbani kwako kuliko kulumbana kila wiki.

Sauti, hapo tuongee. Vyumba vingi havina dari. Ukuta unapanda ukazidi mlango kidogo, kisha kuna uwazi hadi kwenye bati, hewa ipite. Panapopita hewa na maneno yanapita. Usiku wangu wa kwanza kwenye nyumba hii ya pili nilipiga chafya gizani, na sauti ya bibi wa chumba cha mbele ikaniruka juu ya ukuta: "Afya!" Chumba kizima kati yetu. Tangu hapo simu za pesa napigia nje, na ugomvi na mwenzangu tunaufanya kwa ujumbe wa maandishi, tumeketi kitanda kimoja. Alfajiri utasikia adhana za misikiti minne au mitano, kila mmoja ukiwa umeutangulia mwingine kidogo. Ukishindwa na hilo, Gungu pana vyumba vizuri.

Mgeni pia hajui kwamba mtaa huu unafuata mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa inahitaji giza. Siku za giza wanaume wengi wako ziwani usiku, mtaa umetulia, na asubuhi pesa zinatembea. Mbalamwezi ikipea wote wako nyumbani: bao, redio, harusi, madeni kudaiana. Nina rafiki alihamia siku za giza akasifu utulivu; wiki mbili baadaye akaniuliza kumetokea nini. Tena mwaka 2024 ziwa lilifungwa kupumzisha samaki, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Ziwa likifungwa, muuza duka anakopesha kwa jicho la pembeni, na mwenye nyumba atakuja kukuomba kodi ya mbele kabla haijafika. Ukiwa nayo, mpe kiasi, andikishianeni. Ukiwa huna, sema huna mapema, usijifiche chumbani. Kujifichia wapi, na hakuna dari?

La mwisho ni jinsi ya kuingia. Ukiwa mwanamume, baraza ndilo lango lako. Pita, simama, toa shikamoo kwa wazee, ukae hata dakika tano ukitazama bao usilolijua. Watakuuliza kwenu wapi, kabila gani, unafanya kazi gani, umeoa. Jibu. Mtu wa mjini anaona ni upelelezi, lakini siku kufuli lako likivunjwa, hao ndio watakaosema nani alipita saa ngapi amevaa nini. Mimi ni mwanamke, baraza lile si langu. Langu ni uani. Nilianza kwa kuomba moto wa mkaa wakati kiberiti ninacho. Nikaletewa na kikombe cha mawese ambacho sikukiomba. Kikombe hakirudi kitupu, kwa hiyo nikakirudisha na sukari, na hapo nikawa mtu wa nyumba. Msiba ukitokea nenda, hata kama humjui marehemu, na ukachote maji, usikae kwenye mkeka kama mgeni wa heshima.

Kuna siku nachoka. Nataka kupita na mfuko wa nyama bila mtu kukadiria kilo. Nilipougua malaria nikalala siku mbili bila kufungua mlango, alfajiri ya siku ya tatu uji ulikuwa kizingitini, na nyuma ya uji wanawake watatu wanabishana nipelekwe hospitali gani.

Yule kijana anafika Jumamosi. Kuna chumba kitakuwa wazi hapa kwetu, upande wa pili wa korido, msimamizi anajulikana na barua nimeiona. Nilimweleza bibi wa chumba cha mbele kwamba nataka kumleta mpangaji. Nilijiandaa aniulize dini, kabila, mshahara. Aliendelea kupepeta unga wake wa muhogo, akaniuliza kitu kimoja tu:

"Anakoroma?"

Nimemwahidi nitamuuliza.