Ukirithi mradi wa LabVIEW uliojaa nyaya

Wanaoanza kazi za vipimo hapa Dar mara nyingi hawapewi mradi mpya. Wanapewa faili la LabVIEW, programu ambayo ndani yake unatengeneza programu za vipimo kwa kuchora vitalu na kuviunganisha kwa nyaya, na aliyelitengeneza keshahama. Ukilifungua, mchoro unakula skrini tatu kwenda kulia, nyaya zimepitana kama zile za nguzo za Kariakoo, na feni ya laptopu inavuma tangu asubuhi. Tuseme ni programu ya kufuatilia joto la vyumba vya baridi vya samaki pale Feri, yenye vihisi 8.

Kabla ya kugusa chochote, funga mradi mzima kwenye zip uuweke kando. Usinakili folda, ukaiita "mpya_mwisho_2" na kuzifungua zote mbili. Ndani ya mradi mmoja, LabVIEW ikishapakia VI (faili moja la programu ya LabVIEW) yenye jina fulani, inaendelea na hiyohiyo hata kama kwenye folda nyingine ipo pacha wake. Utashinda unarekebisha faili moja huku inayokimbia ni nyingine.

Kisha pima, usibahatishe. Ingia Tools, Profile, halafu Performance and Memory, endesha programu kwa dakika 5, uone ni VI ipi inayokula muda. Ile taa ya kuonyesha data ikitembea kwenye nyaya iwe imezimwa, maana yenyewe tu inapunguza kasi kupita kiasi.

Mhalifu wa kwanza huwa lupu ya While (sehemu inayojirudia hadi iambiwe iache) isiyo na Wait, yaani kitalu cha kusubiri. Lupu ya vitufe isiyosubiri huzunguka kadiri prosesa inavyoweza, wakati kidole cha mtu kinatosheka na milisekunde 100. Lakini usipachike Wait kila mahali. Lupu inayosoma kadi ya vipimo tayari inasubiri sampuli zifike, na ukiichelewesha zaidi utakutana na kosa -200279: kadi imejaza, programu haijachukua, data imefutwa.

Mhalifu wa pili ni Build Array, kitalu kinachoongeza namba kwenye safu (orodha ya namba), kikiwa ndani ya lupu, na hapa ndipo miradi mingi inapofia. Safu ikikua, LabVIEW hulazimika kutafuta nafasi kubwa zaidi na kuihamishia data yote. Asubuhi huoni kitu, jioni programu inakokota miguu. Tenga nafasi mapema nje ya lupu: Initialize Array yenye nafasi 3,600 kwa kila kihisi, kwa saa moja ya usomaji wa kila sekunde, ipitishe kwenye shifti rejista (inayobeba thamani kutoka mzunguko mmoja hadi unaofuata), halafu ndani tumia Replace Array Subset. Kama idadi inajulikana na lupu ni ya For (inayozunguka mara ulizotaja), iache ijikusanyie yenyewe pale waya unapotokea ukingoni.

Hapohapo jiulize kasi ya usomaji. Vihisi 8 kwa sampuli 1,000 kwa sekunde, kila namba ikiwa na baiti 8, ni gigabaiti 5.5 kwa siku. Kwa sampuli moja kwa sekunde ni megabaiti 5.5. Samaki walio kwenye barafu hawabadiliki joto mara elfu kwa sekunde.

Faili lifunguliwe mara moja kabla ya lupu na lifungwe baada yake, siyo kila mzunguko. Uandishi wenyewe uhamishie kwenye lupu ya pili, data ipite katikati kwa foleni. Foleni hii nayo hujaa kama ile ya Mbagala: usipoiwekea kikomo na lupu ya kuandika ikawa nzito, inameza kumbukumbu kimyakimya, kwa hiyo soma idadi ya vilivyomo na uionyeshe kwenye paneli. Usisubiri saa nzima ndipo uandike. Umeme ukikatika, kilichokuwa kwenye kumbukumbu kimekwenda. Kila dakika moja inatosha.

Vigeu vya lokali (local variables, vinavyosoma au kuandika thamani ya paneli bila waya) viondoe popote waya unapoweza kufika. Kila ukisoma safu kupitia kigeu cha namna hiyo unazalisha nakala yake. Tena lupu mbili zikiongeza kihesabu kimoja kwa wakati mmoja, hesabu nyingine hupotea bila kosa lolote kuonekana.

Baada ya hapo ndipo upange mwonekano. Zungushia sehemu yenye kazi moja, nenda Edit, chagua Create SubVI, uipe jina la kitenzi: SomaJoto, AndikaFaili. Pembejeo zikae kushoto, matokeo kulia, waya wa makosa upite chini. Nyaya zinazosafiri pamoja zifunge kwenye klasta (fungu la data za aina mbalimbali), uihifadhi kama type def ili ukiibadilisha mara moja ibadilike kila inapotumika, na uifungue kwa Unbundle By Name. Unbundle ya kawaida, isiyo na majina, itakuchanganya siku ukiongeza kipengele katikati. Ctrl+U, inayopanga mchoro yenyewe, itumie kwenye kipande ulichochagua tu, kwani ikipewa mchoro mzima inasogeza hata vile ulivyokwisha kuvizoea. Ctrl+B nayo hufuta kila waya uliokatika, pamoja na ule ulioko nje ya skrini ambao ulitaka kuuunga.

Mwisho iache ikimbie usiku kucha. Asubuhi linganisha kumbukumbu iliyotumika na ya jana jioni, na uone foleni ina vingapi. Kama kumbukumbu imepanda lakini foleni iko tupu, rudi utafute Build Array uliyoiruka.