Shangazi, Krismasi huko mnakulaje?

Juzi mtoto wa kaka yangu, yule wa kidato cha pili, alinitumia ujumbe wa sauti: "Shangazi, tuambie ukweli, Krismasi huko Italia mnakulaje, na mbona hutumi picha ya theluji?" Nyuma yake nikamsikia mamake akicheka, "Muulize na lini anakuja." Leo bibi ninayemtunza amelala mapema, basi niwajibu yote kwa mpigo.

Theluji kwanza, maana ndiyo nyepesi. Hapa Bologna, Desemba ni ukungu. Unafungua dirisha asubuhi, nyumba ya ng'ambo huioni, na saa kumi na moja jioni giza limeshaingia. Theluji huanguka ikipenda, na ikianguka hugeuka tope kabla sijatoa simu mfukoni. Sisi tuliokulia Malindi tuliwajua Waitaliano wakiwa na kaptula na migongo iliyoiva kwa jua, tukadhani ndivyo walivyo kwao. Kumbe walikuwa wanakimbia! Nami nikaja kukaa palepale wanapopakimbia.

Chakula sasa. Usiku wa tarehe 24 hawagusi nyama, ni samaki tu. Bibi huagiza samaki wa chumvi aliyekaushwa, wanamwita baccalà, na kazi yangu ni kumloweka siku mbili tatu huku nikimbadilishia maji. Mara ya kwanza nilipoufungua ule mfuko, harufu ilinipiga nikacheka peke yangu jikoni. Ng'onda! Nimepanda ndege mbili nije kuloweka ng'onda.

Tarehe 25 ni tortellini, vifuko vidogo vya unga wa ngano na mayai, ndani nyama, vinachemshwa kwenye supu. Hukunjwa kimoja kimoja kwenye ncha ya kidole. Bibi ana miaka 88, akishika kikombe chai inamwagika, lakini akishika unga mkono hautetemeki. Mwaka wa kwanza vyangu nilivikunja kama sambusa, naye bila kusema neno akavitenga kwenye sinia ya peke yake. Mwaka jana alivichanganya na vyake. Sikumwambia kitu, ila siku hiyo nilitembea kama niliyepandishwa cheo.

Watoto wake huja mchana, wakikaa mezani hawainuki mpaka jioni. Nami huniita nikae, na nakaa, sitawasingizia, wananiheshimu. Ila kiti changu ni kile cha upande wa jikoni, maana ndiye ninayeinuka. Wana msemo wao: Krismasi na watu wako, Pasaka na umtakaye. Na wanaufuata kwelikweli. Mlango unafungwa, jirani wa ghorofa ya juu naye amejifungia na wa kwake, na ngazi ziko kimya kama za hospitali usiku.

Hilo ndilo sikuambiwa na mtu. Krismasi yangu ya kwanza nilikuwa bado sijapata kazi ya kulala ndani, nimepanga chumba. Nikatafuta iliki, bizari nzima na mdalasini kwenye duka la Wabangladeshi, nikapika pilau ya kilo mbili. Kilo mbili, mtu mmoja! Mkono wenyewe ulipima hivyo, ndivyo ulivyozoea. Nikauacha mlango wazi kidogo, kama kwetu. Baada ya saa nzima akaja mama wa chumba cha pili. Nikasimama, nikashika sahani. Akaniomba, kwa adabu kabisa, nifunge mlango, harufu imejaa ngazi. Ile pilau niliila mpaka tarehe 29.

Nyumbani mnajua inavyokuwa. Mbuzi wetu anachinjwa na mzee jirani, Mwislamu, ili nyama ikishaiva asiwepo wa kuulizwa kama anakula au hali. Sahani zinatoka na watoto, zimefunikwa kitambaa, na hazirudi tupu: moja ina mahamri, nyingine maembe. Ikifika Idi, zamu inageuka. Mtu anaingia bila hodi, anauliza "mmebakisha nini?" Nilipokuwa huko hayo yalinichosha, nisiseme uongo. Nilikuwa nasema tangu lini Krismasi ikawa ya mtaa mzima, mtu hapati hata kukaa na mamake.

Sasa la pesa, ambalo hamkuuliza lakini nawasikia. Ni kweli, sisi watunza wazee Desemba hulipwa mshahara wa kumi na tatu, yaani wa ziada juu ya ile kumi na miwili ya mwaka. Aliyewaambia hakuwadanganya. Ila huo wangu umeshagawanywa tangu Oktoba: ada za Januari, deni la kibali changu cha kuishi, na huyo mbuzi. Ndiyo, huyohuyo mtakayenionyesha kwenye simu mkisema "Shangazi, unaona?"

Lini naja? Si Desemba. Tikiti za mwezi huu zimepanda, na watoto wa bibi hawapati mtu wa kushika nafasi yangu siku za sikukuu, kila mtu anataka kwao. Naangalia Agosti. Najua mtasema Agosti hakuna maembe.

Kitu kimoja nawaomba. Mwaka jana mlinipigia usiku, wote mmeshiba, kila mmoja anainama kwenye kioo naona pua tu. Safari hii pigeni saa sita mchana yenu, huku ni saa nne asubuhi, supu iko jikoni na bibi bado hajavaa. Msinionyeshe sura. Iwekeni simu pale dirishani karibu na meko, mwendelee na shughuli zenu. Na anayekuna nazi asiache kukuna ati kwa sababu niko hewani.