Heisei 19 ni mwaka gani jamani?

SWALI: Kaka mhariri za kazi. Nataka kununua gari kutoka Japani, nikatumiwa picha ya karatasi zake, kuna kijana anasoma Kijapani akaniambia usajili wa kwanza ni Heisei 19. Sasa hiyo ni gari ya mwaka gani, au nimepigwa? Na huyo Heisei ndo nani? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Hujapigwa ndugu yangu, angalau sio hapo. Heisei si mtu, ni jina la zama, na namba inayofuata ni mwaka wa ngapi tangu zama hizo zianze. Heisei unajumlisha 1988, kwa hiyo gari lako lilisajiliwa mara ya kwanza 2007. Ukikutana na Reiwa jumlisha 2018, Showa jumlisha 1925. Kuwa makini na 2019 tu, maana mpaka Aprili 30 ilikuwa Heisei 31, Mfalme Akihito akang'atuka, kesho yake Mei 1 ikawa Reiwa 1. Showa ndo kali zaidi, mwaka wake wa 64 uliishia Januari 7, 1989 Mfalme Hirohito alipofariki, yaani mwaka mzima siku saba!

Huu utaratibu wameutoa China na jina la kwanza, Taika, ni la 645. Zamani mfalme mmoja aliweza kubadilisha majina hata mara kadhaa, limetokea tetemeko au moto mkubwa basi wanabadilisha kufukuza mkosi, ikipatikana neema pia wanabadilisha, mfano mwaka 708 shaba ilichimbwa mkoa wa Musashi, zama wakaziita Wado, jina lenye shaba ndani yake. Mi naona walikuwa na raha zao, ila makarani wa kuhesabu miaka sijui waliponaje. Kuanzia Meiji mwaka 1868 ndo ikawa mfalme mmoja jina moja.

Siku hizi mfalme hachagui, sheria ya 1979 imeipa serikali hiyo kazi, wasomi wanapendekeza halafu baraza la mawaziri linaamua. Liwe herufi mbili za Kijapani, rahisi kuandika na kusoma, na kwa herufi za kwetu lisianze na M, T, S wala H maana kwenye fomu Meiji, Taisho, Showa na Heisei wanazifupisha hivyo, ndo maana R ilipita. Maana yake huwa ni kama dua: Heisei ni amani kutimia, Reiwa serikali ilisema ni maelewano mazuri, ingawa wapo walionuna kwa sababu ile "rei" inatumika pia kwenye neno amri. Reiwa imetolewa kwenye Man'yoshu, mkusanyiko wa mashairi ya Kijapani ya kale, wakati majina yaliyotangulia yalizoeleka kutoka vitabu vya Kichina.

Ila Naruhito, mfalme wa sasa, usije ukamwita Mfalme Reiwa, hilo jina hupewa mfalme akishafariki, wenyewe wataona unamzika mapema.