Kuinuka Kutoka Kwenye Jamvi

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mama wa miaka 63, mjane, nakaa Magomeni. Nina presha, vidonge nameza kila siku, na goti la kulia linanisumbua. Mwezi uliopita tulikuwa msibani Mburahati, tumekaa kwenye jamvi tangu asubuhi. Wakati wa kuondoka nikashindwa kuinuka, mpaka wasichana wawili wakanishika makwapani. Nililia njia nzima kwenye bajaji, na sikuwa namlilia marehemu peke yake. Mkwe wangu anafanya kazi Posta, na jioni huwa anakwenda yoga. Ananibembeleza twende wote. Kwenye simu yake nimeona watu wamejikunja mguu uko shingoni, mimi hayo siyawezi. Halafu mimi ni Muislamu, na nasikia yoga ni ibada ya Wahindi. Nifanyeje? – Mama wa Magomeni

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na poleni kwa msiba.

Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu jamvi hilo nalijua. Miaka saba iliyopita, nikiwa na miaka 61, nilikaa chini sebuleni kumfunga mjukuu wangu kamba za viatu. Nilipotaka kuinuka, miguu ikakataa. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mtoto wa miaka mitatu. Akaninyooshea mkono wake mdogo, akasema, "Bibi, inuka." Nikajikokota kwa makalio mpaka kwenye kochi, nikajivuta. Nilikuwa nimetoka kwenye uuguzi wa miaka 34, wodini nimeinua watu wasio na idadi, na sasa nashindwa kujiinua mwenyewe.

Aliyeniokoa ni jirani yangu wa Upanga, mama wa Kigujarati wa ghorofa ya pili, wakati ule ana miaka 74. Nilikuwa namwona kila alfajiri barazani kwake, amekaa juu ya mkeka, mgongo umenyooka. Nilipomsimulia, hakunionyesha kujikunja hata kidogo. Alivuta kiti cha mbao kutoka jikoni, akakiegemeza ukutani, akaniambia, "Kaa. Sasa simama bila kushika."

Anza na hilo, mama. Kiti kigumu kisicho na magurudumu, mgongo wake uguse ukuta. Kaa nusu ya mbele ya kiti, nyayo chini, miguu imeachana kidogo, visigino umevirudisha nyuma kidogo kuliko magoti. Kunja mikono kifuani. Inamisha kifua mbele mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, halafu toa pumzi huku unasimama. Kurudi ndiyo kazi yenyewe: shuka polepole, ukihesabu moja, mbili, tatu, usijiachie ukaanguka kitini kama gunia. Siku ya kwanza niliweza mara nne, mapaja yakatetemeka kama nimetoka kupanda ngazi za ghorofa kumi. Wiki ya tatu nilifika kumi. Ukishindwa bila mikono, shika mapaja yako, au weka mto juu ya kiti kiwe kirefu zaidi, kisha uutoe baada ya siku kadhaa.

Sababu yake ni hii. Umri unavyosogea misuli inapungua, na ya mapaja na makalio isipotumika hulegea upesi. Goti linalouma tunaliogopa, tunaacha kulikunja, misuli inayolishikilia inazidi kulegea, maumivu yanazidi. Ukiipa misuli kazi kidogo kidogo, goti linapata wa kulibeba. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawataka watu wa miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na angalau siku tatu za wiki wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba. Wewe bado hujafika 65, lakini usingoje. Na kama una matembezi ya jioni, usiyaache, yoga haichukui nafasi yake.

Kiti kikishakuwa chepesi, ndipo ushuke chini. Kunja blanketi au khanga kadhaa, tandika mbele ya kiti. Shika kiti kwa mikono miwili, shusha goti la kulia juu ya blanketi, mguu wa kushoto ubaki mbele umekanyaga. Kuinuka ni hivyo hivyo: mguu mzima mbele, mikono kwenye kiti, toa pumzi, sukuma. Maumivu ya misuli iliyofanya kazi ni ya kawaida. Maumivu makali kama sindano ndani ya goti siyo. Ukiyasikia, rudi kwenye kiti na umwone mtu wa fiziotherapia.

Kwa presha yako, shika mambo machache. Usibane pumzi hata mara moja, maana kubana pumzi huku unajikaza kunapandisha presha. Mikao ya kichwa kuwa chini ya moyo iache mpaka daktari wako aseme. Ukilala chali, usiinuke moja kwa moja: geuka ubavu, pumua mara tano, jisukume kwa mkono, kaa kidogo, ndipo usimame. Vidonge vya presha huwa vinaleta kizunguzungu mtu akiinuka ghafla, na kizunguzungu ndicho kinachoangusha. Na vidonge vyenyewe usiache kwa sababu eti umeanza yoga. Nimewaona walioacha hivyo, nimewapokea wakiwa wamepooza.

Kuhusu dini, sitakuficha. Yoga imezaliwa India, neno lenyewe ni la Kisanskriti, maana yake ni kuunganisha, na kwa Wahindu wengi ni sehemu ya njia yao ya kiroho. Wanazuoni wa Kiislamu hawako kauli moja. Malaysia, mwaka 2008, baraza lao la fatwa liliwakataza Waislamu kwa sababu ya maneno na nia za ibada zinazoambatana nayo. Kwingine Waislamu wanachukua mikao na pumzi peke yake kama mazoezi ya mwili. Mimi nilikwenda kumuuliza imamu wa msikiti wetu. Akaniuliza ninatamka nini na ninanuia nini. Nikamwambia natamka hesabu za pumzi, na nanuia kuinuka. Akaniruhusu niendelee. Nawe muulize wa kwako, usikubali moyo wako uwe mzito kila unapotandika mkeka. Darasani wakifungua kwa maneno ya Kisanskriti, kaa kimya tu, mwalimu mwenye adabu hatakulazimisha.

Kwa mwalimu nakuomba uwe makini. Mwaka wa pili nilijiunga na darasa moja mjini. Kijana aliyekuwa anafundisha alinikuta nimeinama, akaniwekea viganja mgongoni, akanikandamiza ili nifike chini kama wengine. Wiki mbili sikuweza kugeuka kitandani. Kwa hiyo kabla ya kuvua viatu mwambie: nina miaka 63, nina presha, goti hili bovu, na usinisukume. Muulize kama amewahi kufundisha watu wa umri wako. Akikuletea kiti bila kuombwa, huyo anajua kazi. B.K.S. Iyengar, mwalimu wa Kihindi aliyefariki 2014 akiwa na miaka 95, alijulikana kwa kutumia viti, mikanda na vipande vya mbao ili mkao umfuate mtu na mwili wake. Mimi mkanda wangu ni khanga kuukuu. Nalala chali, naipitisha kwenye wayo, navuta mguu taratibu mpaka nyama za nyuma ya paja zinyooke.

Mwezi wa tatu tangu nianze na kile kiti, alfajiri moja, niliinuka kutoka kwenye sijda nikiwa nimeshafika wima ndipo nikagundua kwamba sikuweka mikono chini. Rakaa iliyofuata nilishindwa kuzuia machozi.

SWALI: Dada, habari za kazi. Mimi ni mstaafu wa miaka 71, Sinza. Nina presha ya macho, natumia dawa ya matone. Rafiki yangu ameniambia kusimama kwa kichwa kunapeleka damu kwenye ubongo na kuzuia usahaulifu. Nimeanza kujaribu ukutani, mwanangu akinishika miguu. Niko sahihi? – Mzee wa Sinza

JIBU: Kaka yangu, acha leo. Kichwa kikiwa chini, presha ndani ya jicho inapanda, nawe tayari una ugonjwa ambao presha hiyo inaua mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Uoni ukipotea kwa njia hiyo haurudi, kwa matone wala kwa upasuaji. Mkao ule mwingine wa mikono na miguu chini, makalio juu, nao uache. Shingo ya miaka 71 haifai kubebeshwa mwili mzima, hata kwa mtu mwenye macho mazima. Ubongo wako unapata damu kwa sababu moyo unaisukuma, umesimama au umekaa.

Nguvu hizo zipeleke kwenye kusimama kwa mguu mmoja. Simama mbele ya sinki la jikoni, vidole viwili vikigusa ukingo, macho yatazame kitu kimoja kisichotembea, nyanyua mguu mmoja kidogo tu. Pumua mara tano, badilisha. Presha ya macho hupunguza kuona pembeni, na anayeona vibaya pembeni ndiye mwenye haja zaidi ya miguu iliyo imara, hasa kwa mitaro yetu isiyo na mifuniko na ngazi za daladala. Na mwambie daktari wa macho kwamba ulijaribu kusimama kwa kichwa, apime tena.

SWALI: Shikamoo bibi. Mama yangu ana miaka 76, tuko Tabata. Mgongo wake umeanza kupinda na amekuwa mfupi. Mwaka jana aliteleza akavunjika kifundo cha mkono. Nimfanyishe mazoezi ya kuinama na kugusa vidole vya miguu ili mgongo ulainike? – Binti wa Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, usimwinamishe. Uliyoyataja matatu, kupinda, kufupika na kuvunjika kwa mtelezo mdogo, yananitia wasiwasi kwamba mifupa yake imekuwa myepesi. Huwapata wanawake wengi baada ya hedhi kukoma. Mifupa ya hivyo, mtu akiinama huku mgongo umejikunja, pingili za uti zinabanwa upande wa mbele na zinaweza kupondeka bila hata kuanguka. Kujisokota kwa nguvu nako ni hatari. Mpeleke hospitali kwanza, wamwangalie mifupa, dawa zipo.

Wakati mnasubiri, asimame ameegemea ukuta, visigino hatua ndogo mbele, makalio na mabega yaguse ukuta, avute kidevu ndani taratibu na apumue mara tano. Wewe simama karibu yake, usimvute. Akiokota kitu akunje magoti, au akuite. Na sakafu ya bafu iangalie leo hii, kabla ya mkeka wowote.

SWALI: Dada, mkeka wa ukindu unafaa? Na nifanye saa ngapi, nina kisukari na nachoma insulini? – Msomaji, Temeke

JIBU: Ukindu kwenye marumaru unateleza, usisimame juu yake. Simama peku kwenye sakafu kavu, au tafuta mkeka wa mpira, Kariakoo ipo ya aina nyingi. Ukindu utumie kukalia na kulalia tu. Kabla ya kuanza angalia nyayo zako, chini na katikati ya vidole, maana kisukari hutia miguu ganzi na kidonda kidogo hukisikii. Joto hili la Dar linataka alfajiri au baada ya alasiri, feni ikiwepo washa, na maji yawe karibu. Mwenye insulini asifanye na njaa: pima sukari kwanza, na weka glasi ya juisi au maji ya sukari pale unapoweza kuifikia ukiwa umekaa chini. Ukianza kutetemeka au kutoka jasho la baridi, acha, kunywa, na usiinuke mpaka iishe.