Jibu: Ndege ikishindwa kutua Songwe, ni TCAA imeizuia?

Mkuu, umeuliza kama TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) ndiyo iliyorudisha ndege yenu Dar kwa ukungu wa Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, na kama uwanja huo ni wao. Hapana kwa yote mawili.

Uwanja unaendeshwa na TAA (Mamlaka ya Viwanja vya Ndege). Ukungu na upepo hupimwa na TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa). Waongoza ndege walio mnarani ndio wa TCAA: wanampa rubani hali ya hewa, ila uamuzi wa kutua ni wake. Akishuka hadi kimo cha chini alichowekewa asione taa wala barabara ya kutua, lazima apandishe ndege tena. Hapo hakuna kubahatisha! Ndiyo maana ndege ya jeti hubeba mafuta ya kufika, ya kwenda kiwanja mbadala, na akiba ya dakika 30 juu yake.

Kazi kubwa ya TCAA haionekani na abiria: leseni za marubani na mafundi, ukaguzi wa ndege, vibali vya mashirika. Zamani kazi hiyo ilifanywa na Jumuiya ya Afrika Mashariki; ilipovunjika 1977, ilirudi chini ya idara ya wizara. Idara hiyo ikawa wakala wa serikali 1999, kisha mamlaka kamili 2003.

Kama shida yako ni nauli au mzigo, anza na shirika lenyewe kwa maandishi, tunza tiketi na kile kipande cha namba ya begi. Wasipokujibu, peleka TCAA. Bila kipande hicho, madai ya begi huwa magumu sana.