Indiketa za nyuma: mambo ya kompyuta na mambo ya waya

Wiki hii nimeyaweka pamoja maswali ya indiketa, maana yameingia mengi na yanafanana.

Fundi, nina Volkswagen Golf 7 iliyotoka Uingereza, niko Nairobi. Nimeona nyingine ambayo taa ndogo ya nyuma inazimika kila indiketa inapowaka, yaani zinapokezana. Yangu inaweza?

Inaweza, tena bila kukata waya hata mmoja. Kwenye Golf 7 taa za nje huamriwa na moduli ya umeme wa bodi, ambayo kwenye VCDS, programu ya laptopu ya kukagua na kubadili mipangilio ya magari ya Volkswagen, utaikuta katika anwani 09. Ukifungua sehemu ya adaptesheni, yaani ya kubadili mipangilio, utakumbana na majina ya Kijerumani ya kutisha: Leuchte 18 BLK HL, Leuchte 23 SL HL na mengine ya aina hiyo. Yazoee kidogo tu. Leuchte ni taa, BLK ni indiketa, SL ni taa ndogo, HL ni nyuma kushoto, HR ni nyuma kulia.

Kila Leuchte ina nafasi nane za kazi, A mpaka H. Kila jozi ya nafasi ina kiwango chake cha mwanga, na kuanzia jozi ya C na D ina pia mwelekeo wake, kuongeza au kupunguza. Mchezo wote uko hapo. Kwenye taa ndogo ya kushoto unatafuta nafasi iliyo tupu kwenye jozi yenye mwelekeo, unaweka "Blinken links Hellphase", yaani kipindi ambacho indiketa ya kushoto imewaka, unaandika mwanga 0 na mwelekeo unauweka kwenye kupunguza. Indiketa ikiwaka, taa ndogo inapewa sifuri. Ikizima, taa inarudi. Upande wa kulia unafanya vivyo hivyo kwa "rechts". Namba za Leuchte hubadilika kutegemea kama taa zako ni za balbu au za LED, kwa hiyo soma kwanza kazi iliyoandikwa pale ndipo uguse.

Moduli itakuomba namba ya ruhusa: kwa Golf 7 ni 31347. Kabla ya kuandika chochote, hifadhi ramani nzima ya adaptesheni kwenye laptopu. Funga na chaja ya betri, maana swichi imewashwa, taa zinawaka, na umeme ukishuka katikati ya kuandika unaweza kuwa umejitafutia kazi nyingine kabisa.

Sasa maoni yangu, hata kama hukuyaomba. Ukiwasha hazadi usiku, taa ndogo zote mbili zitakuwa zinazimika kwa pamoja. Gari limekufa kando ya barabara ya Nakuru, malori yanateremka, nawe umejipunguzia mwanga wa nyuma kwa hiari yako. Kama taa yako ina sehemu zaidi ya moja, fanya kwenye ile iliyo jirani na indiketa, nyingine ziache ziwake moja kwa moja.

Kile kidude cha ELM327 cha bei rahisi kitafanya kazi hiyo?

Hapana. Hicho ni cha kusoma hitilafu za injini na kuzifuta. VCDS kamili inataka kifaa cha Ross-Tech wenyewe, kampuni ya Marekani iliyoitengeneza. Ukipenda kutumia simu badala ya laptopu, tafuta OBDeleven, nayo ina kifaa chake. Waya za bandia zimejaa sokoni. Mimi siziingizi kwenye moduli ya gari la mteja.

Asalaam alaykum fundi. Niko Muscat, gari langu liliagizwa kutoka Marekani na indiketa za nyuma ni nyekundu. Kuna kijana anasema atazifanya njano kwa kompyuta. Nimwamini?

Wa alaykum salaam. Muulize kwanza hiyo rangi ya njano ataitoa wapi, kwa sababu rangi iko kwenye kioo cha taa na kwenye balbu. Sheria ya Marekani, FMVSS 108, inaruhusu indiketa ya nyuma iwe nyekundu au njano; kanuni namba 6 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa Ulaya, inataka njano. Ndiyo maana magari mengi ya soko la Marekani hutumia taa moja nyekundu kwa breki na indiketa. Ukikanyaga breki huku umeonyesha unakata kushoto, upande wa kushoto unapepesa na wa kulia unatulia, na aliye nyuma yako inabidi akisie.

Rangi hiyo si urembo tu. Mwaka 2009 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba indiketa za njano hupunguza kwa takriban asilimia 5 ajali za gari linalokata kona kugongwa kwa nyuma. Kwa hiyo wazo lako ni zuri, ila linaanzia kwenye vyuma: nunua taa za nyuma za toleo la Ulaya za modeli hiyohiyo, hakikisha waya wa indiketa unafika kwenye soketi, ndipo kijana afungue kompyuta atenganishe breki na indiketa. Akikuambia atamaliza kwa laptopu peke yake bila hata kufungua taa, mshukuru uondoke.

Nimeweka LED kwenye Toyota IST yangu, sasa indiketa zinapepesa mbio kama zimechanganyikiwa. Nitafute mtu wa kodingi hapa Dodoma?

Usipoteze hela. Balbu ya kawaida ya indiketa ni wati 21, LED hula kidogo sana, na gari linadhani balbu imeungua. Hapo dawa ni rilei ya indiketa, kile kidude kinachoipepesa, ya aina inayokubali LED. Wengine watakufungia rezista, kidude cha kula umeme ili gari lidhani balbu ya kawaida ipo. Ile ya omu 6 kwa volti 12 inatoa wati 24 za joto kila ikiwaka, nimeona plastiki zilizoyeyuka. Ukilazimika, ifunge kwenye bati.

Na Golf 8 je?

Tangu Golf 8 kuna kufuli la SFD, yaani ulinzi wa kiwanda unaozuia kubadili mipangilio ya moduli. Moduli hufunguliwa kwa idhini inayotoka kwenye seva ya kiwanda kupitia intaneti, na inakaa wazi dakika 90. Panga kila unachotaka kubadilisha kabla ya kuiomba.