Mawingu meusi ya angani: ushauri kwa anayeanza kuyapiga picha

Wengi tukianza kupiga picha za anga tunakimbilia vitu vinavyowaka, nebula (mawingu ya gesi na vumbi) kama ya Orion, zile nyekundu nyekundu, na sio vibaya kabisa hata mi nilianzia huko. Ila kama hizo umeshazionja na sasa unataka mawingu meusi, yale ya vumbi yanayoziba nyota za nyuma, jua kwamba unaingia kwenye kazi ya aina nyingine. Unachokipiga hakitoi mwanga wake. Kamera inakichukulia kama pameachwa wazi, programu nayo hivyo hivyo, na kila hatua utakayopita kuna kitufe kinataka kukufutia hapo mahali kikidhani kinakusaidia. Giza ndio picha yenyewe, kazi yako kuanzia mwanzo mpaka mwisho ni kulilinda.

Nakaa Arusha, huwa naenda kupigia upande wa Longido, kwa hiyo nitaongea ya huku. Mtu wa Nairobi anayeweza kufika Magadi mambo yake yatakuwa yale yale.

Kwanza ujue ulivyo na bahati. Eneo la kuanzia nakushauri liwe Rho Ophiuchi, pale pembeni ya Antares, ile nyota nyekundu ya kwenye kundinyota la Nge. Kuna vumbi la bluu, la njano, halafu upande wa mashariki inatoka mito ya giza ambayo Barnard aliipa namba 44 na 45. Huyu Edward Emerson Barnard alikuwa Mmarekani, alianza kazi studio ya picha Nashville akiwa mtoto wa miaka 9, na mwaka 1919 akatoa orodha ya sehemu nyeusi 182 za angani, wakati ambao wataalamu wengi walikuwa wanaamini yale ni matundu tu, sehemu zisizo na nyota. Sasa mtu wa London Rho Ophiuchi anaiona digrii 14 tu juu ya upeo, ndani ya ukungu na taa za mji. Sisi Longido inapanda mpaka digrii 68! Katikati ya mwezi wa sita iko juu kabisa kama saa tano unusu usiku, katikati ya wa saba kama saa tatu unusu, na ni kiangazi, mvua za masika zimeshaisha. Usiache miezi hiyo ipite.

Mjini sahau. Nilihangaika usiku nne juu ya paa Arusha nikapata kijivu kitupu. Hesabu yake ni hivi, anga la mji likizidi la porini kwa magnitudi 3 (magnitudi ni kipimo cha mng'ao), mwanga wake ni karibu mara 16, maana yake saa moja ya porini utahitaji saa 16 za mjini kuifikia, na bado taa za jirani zitakuchorea michirizi. Kuna filta zinauzwa za kukata mwanga wa mji, watu wanazisifia na kwa nebula nyekundu ni kweli zinasaidia kwa sababu zile zinatoa mwanga wa rangi chache maalumu, filta inaruhusu hizo na kuzuia nyingine. Vumbi linaakisi mwanga wa nyota wa rangi zote, ukiweka filta unakata na kitu chako humo humo. Hiyo hela weka mafuta kwenye gari, nenda gizani siku ambazo mwezi haupo.

Na ukienda usiende kimya kimya. Taa nyekundu inayotembea porini usiku inawatisha watu na wana haki ya kutishika. Mi napita kwa mwenyekiti wa kijiji mchana, namsalimia, namuonesha kamera, namwambia nitakuwa pale kwenye mwamba hadi asubuhi. Safari moja mzee wa boma la karibu alikuja kukaa nasi, nikamuonesha fremu moja kwenye skrini, akaweka kidole kwenye ule mto wa giza akauliza, "Hapa nyota zimekwenda wapi?" Nikamwambia, hazijaenda mzee, zimefunikwa na vumbi. Akatikisa kichwa, akasema kama ng'ombe wakirudi jioni, unasikia kengele lakini huwaoni. Tangu siku ile nikimwelezea mtu mawingu haya natumia maneno ya yule mzee, sijapata mengine mazuri zaidi.

Vifaa sio lazima viwe vikubwa, mawingu haya ni mapana. Kamera ya DSLR ya mtumba, lenzi ya milimita 135, stendi nzito na traka ya kufuata nyota, basi. Shida ya huku kwetu ni kulenga ncha ya anga, ile sehemu ambayo nyota zote zinaonekana kuizunguka. Maelekezo mengi yameandikwa na watu wa kaskazini, wanakwambia tafuta Polaris, nyota ya ncha ya kaskazini, sisi Polaris iko chini ya ardhi, na ncha ya kusini kwa Longido iko digrii 2 na nusu hivi tu juu ya upeo, ikizibwa na kilima imeisha hiyo. Kwa hiyo mhimili wa traka unalala karibu sawa na ardhi, hakikisha mapema kichwa cha stendi yako kinaweza kushuka kiasi hicho na mzigo haugongi miguu ya stendi. Mi nalenga kusini kwa dira, mwinuko napima kwa simu, halafu nasahihisha kwa kuangalia nyota zinavyohama. Nachukua nyota iliyo karibu na utosi, ikisogea kaskazini au kusini narekebisha kushoto kulia, kisha nyota ya chini upande wa mashariki, hiyo ikihama narekebisha juu chini. Inakula dakika 40 ukiwa mgeni. Zitoe, usizionee uchungu.

Upigaji wenyewe haunichukulii maneno mengi: f/2.8, ISO 800, sekunde 120, angalia histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye skrini ya kamera, kilima chake kisigusane na ukuta wa kushoto. Kinachotakiwa ni wingi wa muda. Noizi, zile chengachenga za kwenye picha, ukitaka ipungue nusu lazima muda uzidishe mara nne, hakuna njia ya mkato, kwa hiyo jumla ya saa 4 za kupiga mi naona ndio mwanzo, na jumla ya saa 10 ukikusanya usiku mbili tatu ndio unaanza kufurahi. Kila fremu chache isogeze kamera kidogo, kidogo sana, kwa sababu usiposogeza madoa ya sensa yanajipanga mstari mmoja na ukishastaki, yaani kuunganisha fremu zote kuwa picha moja, yanatoka michirizi ya kahawia inayofanana kabisa na vumbi la angani.

Flati, yaani picha za kitu cheupe kitupu zinazotumika kusahihisha madoa ya lenzi na sensa, ndio watu wanaruka na ndio zinawaangusha. Lenzi inatia giza pembeni, vumbi la barabara ya Longido linaingia hadi kwenye sensa, na vyote viwili vinachora doa jeusi laini. Niliwahi kufanya kazi wiki nzima kwenye wingu zuri la mviringo lililokuwa kona ya chini kulia, nikalitafuta kwenye orodha ya Barnard halipo, kwenye orodha nyingine ya mawingu meusi, ya Lynds ya 1962, halipo, mwisho nikafungua picha niliyopiga mlimani siku ile mchana, likawepo pale pale juu ya mawingu ya mvua. Punje ya vumbi. Siku hizi kabla sijakunja vifaa nasubiri kupambazuke, navalisha lenzi fulana nyeupe, napiga flati 30 bila kugusa fokasi wala kuzungusha lenzi, halafu ndio chai.

Nyumbani natumia programu ya Siril kustaki, ni ya bure na inatosha. Sehemu ya hatari ni kuondoa gradienti, ule mwanga wa anga unaozidi upande mmoja wa picha. Programu inatafuta sehemu nyeusi za picha inasema hii ndio anga tupu, inasawazisha kila kitu kwa hapo, na kwenye picha zetu sehemu nyeusi ndio wingu lenyewe! Usiiachie ichague pointi yenyewe. Weka kwa mkono, chache, mbali na mito ya giza, na tumia digrii ya 1 tu, yaani inyooshe mteremko wa mwanga basi. Ukiipa uhuru wa kupindapinda itakula vumbi lako na utabaki na anga safi la kupendeza lisilo na kitu.

Ukija kuvuta mwanga vuta polepole, mara nyingi kidogo kidogo. Naziondoa nyota kwanza kwa StarNet, programu ya kutoa nyota kwenye picha, navuta vumbi peke yake, kisha nazirudisha nikiwa nimezipunguza nguvu. Na usishushe weusi hadi chini. Wanaoanza wanapenda wingu liwe jeusi tii, lakini vumbi lina rangi, kahawia kama ya chai ya rangi iliyopoa, linaakisi mwanga hafifu wa nyota zilizolizunguka, ukilizamisha umeua kile ulichokifuata porini usiku mzima. Kuondoa noizi nako usizidishe, zile programu za akili bandia zinaweza kulainisha noizi ikawa nyuzi nyuzi za vumbi ambazo huko juu hazipo.

Ukiwa na wasiwasi na kitu fulani kwenye picha kipime hivi. Staki fremu za usiku wa kwanza peke yake, za usiku wa pili peke yake, zivute sawasawa, ziweke juu ya nyingine uwe unawasha na kuzima. Uzi unaobaki pale pale kwenye zote mbili uache. Unaohama au kupotea futa, hata kama ndio ulikuwa mzuri kuliko yote.